Mrudishieni Mwalimu Mtoto Wake

Masomo: 2 Samweli 4:4 na 1 Wafalme 19:1-18

Nawasalimu ninyi nyote mnaotusikiliza jioni ya leo, mlio Mangina, Mabalako, Cantine, Beni na Butembo, na zaidi ninyi mnaosikilizia redio katika nyumba isiyo yenu kwa sababu mlihama. Kesho shule zinafunguliwa. Madaftari yamenunuliwa au yamekopwa, na mama fulani saa hii anashona kifungo cha shati jeupe kwa mwanga wa tochi. Ndiyo maana leo sitahubiri juu ya fungu la kumi, ingawa wazee wa kanisa walikuwa wamenipa somo hilo. Nitasema juu ya watoto wetu, na juu ya kitu kinachofanyika darasani ambacho sisi watu wa maombi tumekidharau.

Fungueni pamoja nami 2 Samweli, sura ya 4, mstari wa 4. Ni mstari mmoja tu, na wengi wanaupita mbio ili wafike kwa Daudi. Yonathani alikuwa na mtoto mwanaume, jina lake Mefiboshethi, wa miaka 5. Habari ya vita ikafika kutoka Yezreeli kwamba Sauli na Yonathani wamekufa. Yaya wake akambeba, akakimbia, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili.

Watu wa Mabalako, hatuhitaji mtu aliyesoma chuo cha Biblia atufasirie mstari huo. Tangu mwezi wa kumi wa 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, ni mama wangapi wamebeba mtoto usiku, bila viatu, wakipita ndani ya mashamba ya kakao ili wasionekane barabarani? Kisha tarehe 1 mwezi wa nane 2018 serikali ikatangaza Ebola, na jina la kwanza lililotajwa lilikuwa la kwetu: Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako. Mwisho wa ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3470 walikuwa wameugua, na 2287 kati yao walikufa. Na vita haikungoja Ebola iishe.

Angalieni jambo moja katika mstari ule. Biblia haimlaumu yaya. Alikimbia ili amwokoe mtoto, na kweli alimwokoa. Wewe mama unayejilaumu kila usiku kwa sababu mtoto alikuponyoka mkono, au aliona kitu ambacho ulitaka asikione, nisikilize: ulikimbia vizuri. Mtoto yuko hai. Lakini mtoto anaweza kuokolewa na wakati huohuo awe ameanguka. Mefiboshethi aliumia miguu, na kila mtu aliona. Watoto wetu wengi miguu ni mizima, wanacheza mpira barabarani hadi jioni. Kilichoanguka kiko ndani, na mara nyingi hakionekani mpaka mtoto akae kwenye benchi, aambiwe anyamaze, asikilize na akumbuke.

Walimu wanajua ninachosema. Kuna mtoto anayelala darasani saa mbili asubuhi, kwa sababu usiku mzima alikuwa macho. Kuna aliyekuwa anasoma vizuri mwaka wa pili, sasa mistari mitatu inamshinda. Kuna mgomvi. Kuna yule mkimya sana ambaye sisi wazazi tunamsifu kwamba ana adabu, kumbe ameganda. Mtu ambaye sikio lake liko nje, linapima hatua za miguu, hawezi kusikia hesabu. Si kwamba hataki. Sikio ni moja, na limeshapewa kazi nyingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba katika nchi zenye vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, mdogo au mkubwa. Hesabu hiyo ni ya watu wa kila umri. Ninyi mnaomiliki darasa, hesabuni wenyewe benchi zenu.

Sasa nitawaeleza kosa langu, maana sipendi kuhubiri makosa ya wengine tu.

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto wa kaka yake, msichana wa miaka kama 10, aliyetoka kijiji kilichoshambuliwa. Sitataja jina lake wala kijiji. Darasani alikuwa haandiki. Mlango ukipigwa na upepo, anaingia chini ya benchi. Usiku anapiga kelele. Shangazi yake akaniambia, “Mchungaji, mtoto huyu ameingiwa.” Mimi nilikuwa nimetoka kufunga siku saba, nina moto. Nikasema mtoto asiende shuleni kwanza, abaki kanisani kwa maombi hadi afunguliwe, ndipo arudi kusoma. Alikaa kwetu majuma matatu. Tulimwekea mikono, tukapaza sauti. Fikirini, wapendwa: mtoto ambaye hofu yake ni watu wazima waliomzunguka usiku wakipiga makelele, nami nikamletea watu wazima kumi na wawili, usiku, wakipiga makelele. Alikonda. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka 10. Nami nikasema pepo linapinga.

Juma la nne mwalimu wake akafika nyumbani kwangu. Ni mama wa kanisa letu, anafundisha mwaka wa tatu. Alinisalimu kwa heshima, akauliza habari za watoto wangu, kisha akasema, “Baba Mchungaji, nimekuja unirudishie mtoto wangu. Kumwombea, endelea, mimi sikatazi. Lakini umwombee akiwa darasani.”

Nilikasirika. Nilitaka kumjibu kwa andiko, nikakosa andiko. Usiku ule nilifungua 1 Wafalme 19, sura ambayo niliifanyia mtihani chuoni na nikapata alama nzuri, nikaona kwamba sikuwa nimeisoma.

Eliya ametoka Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha. Kisha Yezebeli anamtumia mjumbe kwamba kesho wakati kama huu atakuwa maiti. Nabii mzima anakimbia. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mti, anaomba afe. Kisha analala. Hapo Mungu anafanya nini? Mimi ningeikemea roho ya mauti. Mungu hakumkemea pepo yeyote ndani ya Eliya. Alituma malaika, na malaika huyo hakuja na upanga wala tarumbeta. Alikuja na mkate uliookwa juu ya mawe ya moto, pamoja na chombo cha maji. Alimgusa, akamwambia ale. Eliya akala, akalala tena. Malaika hakumwuliza kwa nini bado analala. Alirudi mara ya pili na chakula. Baada ya hapo ndipo safari ya siku 40, na baada ya safari ndipo Mungu akamwuliza anafanya nini pale, akamwacha aseme yaliyo moyoni. Upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, na Bwana hakuwa ndani ya makelele hayo. Alikuja kwa sauti ndogo, ya utulivu.

Kisha, na hapa ndipo niliposimama, Mungu aliuliza swali lile lile mara ya pili, na Eliya akatoa jibu lile lile, karibu neno kwa neno. Someni mstari wa 10 na wa 14, mlinganishe. Malaika amekuja, mkate umeliwa, sauti ya Mungu mwenyewe imesikika, na jibu bado ni la mtu aliyevunjika. Mungu hakuchoka naye. Alimpa kazi: nenda ukawapake mafuta watu watatu. Mmoja wao, Elisha, akawa mwenzake wa safari. Akamwambia pia kwamba Israeli wako wengine 7000, hayuko peke yake.

Niliona haya. Usingizi, chakula, mkono wa upole, swali linalongoja jibu, sauti ndogo, kazi, mwenzake: sikumpa yule mtoto hata kimoja. Mwalimu wake alikuwa anampa karibu vyote tangu mwezi wa tisa, na hakuwahi kusimama kanisani kushuhudia kwamba ana huduma ya uponyaji.

Kesho yake nilimrudisha mtoto. Kisha nikaomba kwa direkta ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa asubuhi tatu. Direkta aliniangalia sana, nafikiri alidhani natafuta washirika wapya. Mniruhusu niwasimulie nilichokiona, kwa sababu hakuna fedha ya mfadhili iliyotumika, na mwalimu yeyote anaweza kukifanya kesho.

Darasa lilikuwa na watoto 71. Mnajua hali ilivyo tangu shule ya msingi ya serikali iwe bure mwaka 2019: ni baraka kwa mzazi, na benchi ya watatu inabeba watano. Lakini yule mama alisimama mlangoni, na kila mtoto aliyeingia alimwita kwa jina lake. Inachukua dakika nane, nilipima. Ndani ya dakika hizo anaona nani hakulala, nani amevaa shati la jana lenye matope, nani hakuja. Mtoto aliyehama ameacha nyumba, jirani na mbuzi. Jina lake alikuja nalo, na yule mwalimu alilitaja kila asubuhi.

Kisha akaandika katika pembe ya ubao mpango wa siku ile: kuimba, kusoma, hesabu, kwenda kucheza, imla, kurudi nyumbani. Kila jambo likiisha, anamwita mtoto mmoja kulifuta. Nilidhani ni pambo. Nilipomwuliza, alinijibu hivi: “Mchungaji, watoto hawa wamezoea kwamba jambo linakuja bila taarifa. Hapa kwangu hakuna jambo linalokuja bila taarifa.” Hata kengele, kabla haijalia, anawaambia, “Sasa kengele italia.” Hata siku inspekta anapokuja. Rula yake ya mbao haipigi meza. Akitaka wanyamaze anainua mkono na kushusha sauti, na watoto 71 wanashusha sauti ili wamsikie. Sauti ndogo, ya utulivu. Mimi nina maikrofoni na spika mbili, na sipati kimya kama kile.

Yule msichana alikaa benchi ya karibu na mlango. Mimi ningemweka mbele kabisa nimchunge. Mwalimu alimweka mahali anapoona nje, ili asihitaji kugeuka kila wakati kuangalia. Akampa kazi ya kutunza chaki: asubuhi anazihesabu, jioni anazihesabu tena na kusema zimebaki ngapi. Mtoto ambaye tulisema hajui kuhesabu! Na katika kusoma, mwalimu hakumsimamisha peke yake mbele ya watu. Darasa lote lilisoma kwa pamoja, sauti yake ikijificha ndani ya sauti za wengine. Baadaye walisoma wawili wawili, yeye na jirani yake wa benchi. Ilichukua majuma mengi kabla hajasoma peke yake, na siku hiyo ilikuwa mistari miwili. Imla ikiwa mistari mitano kwa wenzake, yeye aliambiwa, “Andika wa kwanza, lakini uuandike vizuri.”

Sikilizeni hapo. Hakumwambia asiandike. Kuna huruma mbaya ambayo nimeiona kwa walimu na kwa wazazi, ya kumwacha mtoto aliyeumia akae tu kama mgonjwa, “tusimsumbue, ameona mengi.” Yule mama alidai kazi kutoka kwake kila siku. Kazi ndogo, lakini aliidai, na ikiwa na kosa alionyesha kosa, na ikiwa nzuri alisema ni nzuri. Mungu naye hakumwacha Eliya pangoni akihurumiwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nisingelifikiri. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza hapa aliwapa watoto wa mwaka wa sita insha yenye kichwa “Siku nisiyoisahau.” Kichwa hicho kiko vitabuni, wengi wetu tulikiandika. Alipokusanya karatasi aliketi kando ya barabara, hakuweza kwenda nyumbani. Wengine walikuwa wameandika kila kitu, na wawili walikuwa wameacha ukurasa mweupe. Hakukosea kwa ubaya. Lakini kumfungua mtoto kidonda saa tano na nusu, kisha saa sita kumpeleka nyumbani peke yake, si kumsaidia. Sasa anaandika ubaoni vichwa vitatu, na kila mtoto anachagua: kitu ninachojua kufanya, mtu aliyenisaidia, au shamba letu. Anayetaka kuandika makubwa bado ana nafasi, chini ya “mtu aliyenisaidia.” Asiyetaka anaandika namna ya kukausha kakao. Na katika hesabu, wapendwa walimu, machungwa na mikungu ya ndizi ipo mingi. Hakuna lazima ya kuwauliza watoto nyumbani wako watu wangapi.

Wakati wa Ebola pia tuliona. Mtoto ambaye mzazi wake alichukuliwa alifuatiliwa siku 21, kisha akarudi shuleni na karatasi inayosema yuko salama. Karatasi ilisema yuko salama, na benchi ikawa tupu kushoto na kulia kwake. Mwalimu mmoja, bila hotuba, alichukua daftari zake za kusahihisha akakaa kwenye benchi ile, pembeni ya mtoto, asubuhi nzima. Siku ya pili watoto wawili walimfuata mwalimu wao.

Nisije nikasifu kuliko kweli. Katika miaka ya 2010 shirika la IRC liliwafundisha walimu wa shule za msingi kule Katanga namna ya kufundisha inayofanana na hiyo, wakaiita darasa linaloponya, na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wakapima baada ya mwaka mmoja. Watoto waliona kwamba walimu na shule zinawajali zaidi, na upande wa kusoma wakasonga kidogo. Lakini huzuni na hofu havikuonekana kupungua kwa mwaka huo mmoja. Mtu mwingine atasema basi haifai. Mimi nasema someni tena mstari wa 10 na wa 14. Yule msichana wetu hakupanda darasa mwaka ule. Alirudia mwaka wa tatu, na shangazi yake alilia alipoona buletini. Hata leo usiku mwingine anaamka akipiga kelele. Lakini anasoma. Jumapili mbili zilizopita alisoma Zaburi mbele ya kanisa, akiwa amesimama karibu na mlango.

Sasa nageukia kwetu, watu wa Roho. Mimi ni Mpentekoste, sijaacha. Naamini mapepo yapo na jina la Yesu linayatoa. Lakini si kila anayetetemeka ana pepo, na kutambua roho ni karama ambayo tunapaswa kuitumia kabla ya kupaza sauti. Mtoto anayeanguka na kutoa povu anaweza kuwa na kifafa, na kifafa kina dawa. Na kama kuna mtu anayetaka kumwita mtoto mchawi kwa sababu wazazi wake wamekufa na yeye amebaki, ajue kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na inampa adhabu anayefanya hivyo. Hata kama anafanya hivyo akiwa amevaa kola.

Kwa hiyo katika kanisa letu, tangu leo, hakuna mtoto atakayetolewa shuleni kwa sababu ya maombi. Nimelisema redioni ili nisiweze kulirudisha. Tutawaombea Jumamosi, mchana, kwa sauti ya kawaida, mzazi akiwa karibu. Jumatatu mtoto yuko kwenye benchi. Msiseme “apone kwanza, ndipo arudi.” Kurudi ni sehemu ya kupona kwenyewe.

Kuna mzazi ananiuliza moyoni: Mchungaji, na shule yenyewe ikishambuliwa? Najua. Usiku wa tarehe 16 mwezi wa sita 2023 walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, kule Mpondwe ng’ambo ya Kasindi, wakaua wanafunzi zaidi ya 30 kwenye mabweni yao. Watoto wetu walisikia habari hiyo kabla yetu. Kwa sababu hiyo, mwalimu, usiwaambie kwamba hakuna kitu kitakachotokea. Hulijui hilo, nao wanajua kwamba hulijui. Waambie unalolijua: mimi niko hapa pamoja nanyi, tukisikia jambo tutafanya hivi na hivi, tutapita upande huu, na mkubwa atashika mkono wa mdogo. Waonyeshe njia hiyo mara moja, kwa utulivu, kisha rudini kwenye hesabu.

Na kuna mzigo ambao si wa mwalimu. Mtoto anayesema anataka kufa, asiyekula siku nyingi, asiyesema neno kwa majuma, anayejikata, huyo mpelekeni kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, naye atajua pa kumtuma. Msingoje juma la maombi liishe. Nitawasindikiza mimi mwenyewe mkitaka.

Nyumbani, mtoto asilazimishwe kusimulia yaliyotokea kila mgeni anapofika, kama redio inayofunguliwa na kufungwa. Akisema mwenyewe, acheni sufuria, msikilize. Alale mahali palepale kila usiku, hata kama ni mkeka. Na fimbo, wazazi wenzangu: mtoto aliyekwisha kuona nguvu ya mkono wa mtu mzima hahitaji kuonyeshwa tena.

Kabla sijafunga, nani anamletea mwalimu mkate? Mwalimu naye ni Eliya. Wengi wao walikimbia pamoja nasi, usiku uleule, wamezika wao pia. Wako wanaofundisha na bado hawajaingia kwenye orodha ya mshahara wa serikali, mwaka wa pili, mwaka wa tatu. Halafu tunamtaka awe mtulivu mbele ya watoto 71. Wazee wetu Wanande walikuwa na kyaghanda, pale motoni ambapo kijana alifundishwa na hakuna mzee aliyefundisha na njaa. Nawaomba mafundi mbao wa kanisa wafike kwangu Jumatano juu ya benchi kumi. Akina mama wa idara ya huruma wamekubali kupika uji siku mbili kwa juma, tunatafuta kuni na sukari. Vijana wa kwaya, kuna shamba la maharage la mwalimu mmoja mjane, lipalilieni kabla mvua haijazidi. Na ninyi wengine, kesho mkimpeleka mtoto, msiishie barabarani. Fikeni hadi mlangoni, msalimieni mwalimu, mwambieni polepole, “Mwalimu, huyu wangu hajalala tangu mwezi uliopita.” Maneno hayo tu yatamsaidia kuliko buletini nzima.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, tunakukabidhi walimu wa Mabalako. Wape usingizi usiku huu. Kesho wakisimama mlangoni wape kumbukumbu ya majina. Mlinde mtoto atakayekaa karibu na mlango, na yule atakayeacha ukurasa mweupe. Funga barabara zote ambazo adui anataka kupitia, kutoka Mangina hadi Beni, na mashamba yote. Na sisi wachungaji utufundishe kushusha sauti. Amina.